Jina Lililoandikwa Kwenye Chupa

Zuwena,

Asalamu alaikum. Hali sikuulizi. Asubuhi nimekuona unakula muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, ukaramba na vidole, kwa hiyo u mzima. Na mie ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma humu.

Ni baada ya laasiri. Umetoka kwenda kuaga. Umevaa baibui jipya, umeanzia kwa shangazi yako, na utazunguka Shumba nzima kuomba radhi na dua mlango kwa mlango. Ndiyo desturi yetu na umefanya vyema. Nyumba ya Bi Maua umeiacha ya mwisho, umesema utapita kesho alfajiri kwa vile iko barabarani. Bi Maua ana neno la kukwambia. Nataka ulisikie kwangu kwanza.

Mie si mtu wa kuandika. Niliacha skuli darasa la nne, na toka hapo kalamu yangu ni sululu. Nimechana karatasi za katikati kwenye daftari lako la bailojia, usigombe. Kusema kwa mdomo nimejaribu. Toka jana peke yake nimejaribu mara nne. Ukiniangalia nanyamaza, kisha nasema chumvi imekwisha. Ndiyo maana tuna chumvi paketi nne.

Sitakwambia ulale saa ngapi wala ule nini huko Tanga. Shangazi yako kakwambia, kakurudilia, mpaka kuku wamesikia. Mie nina jambo moja tu.

Mamaako hakukataa dawa.

Isome tena. Mamaako hakukataa dawa. Aliitaka. Mie ndiye niliyemnyima, kisha nikakwambia weye kuwa kakataa mwenyewe. Miaka mitatu unaishi na uongo huo. Umeupamba, umeufukiza udi, umeufanya hadithi. Na jana umeutoa mbele ya wanawake wote waliokuja kwenye dua yako.

Nilikuwa uani naosha vumbi la mawe. Kiambaza chetu cha makuti unakijua, mtu akikohoa ndani wa nje anasema pole. Nikasikia wanakuuliza kwa nini umechagua uuguzi. Ukasema kwa ajili ya mama. Ukasema mama alikuwa na maumivu ya kumliza mwanamume, na dawa ilikuwepo, lakini alisema hataki, alitaka kukutana na Mola wake akili zake zote anazo. Wanawake wakaitikia mashaallah. Mmoja akalia.

Hapo Bi Maua akasema kwa sauti ya chini kuwa mumewe, Mzee Ali, kaletewa dawa hiyo hiyo, mofini, na yeye hajui afanye nini, maana kasikia ina jina la sanamu. Na weye, mwanangu, muuguzi wa kesho kutwa, ukamjibu:

“Mama yangu aliweza, Bi Maua. Mzee Ali naye ataweza.”

Sabuni ilikuwa machoni. Niliiacha hapo hapo.

Nimekukasirikia, Zuwena. Usiku kucha nimekukasirikia. Mtoto wa skuli, wamekufundisha kuuliza mpaka chura ana mifupa mingapi, na mimi babaako hukuniuliza mara ya pili. Nilikwambia neno moja siku ya maziko, ukalichukua kama lilivyo, ukaenda nalo. Hukuniuliza kasema lini, kasema mbele ya nani, kasema vipi. Ungeniuliza mara ya pili pengine ningevunjika. Pengine. Hapana, nisingevunjika. Ningekudanganya tena, na ya pili ingekuwa nzuri kuliko ya kwanza. Basi hasira hiyo nairudisha kwangu, ndiko kwao.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Weye ulikuwa Madungu kwa mjombaako, una mitihani. Mamaako alikataza usiambiwe, na hilo ni kweli, hilo alilisema mwenyewe. Maradhi yale ya kizazi yalikuwa yamekwishapanda. Spitali mjini walisema hakuna cha kukata tena, mrudishe nyumbani. Wakanipa chupa ya dawa ya maji na kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia. Yule muuguzi, binti mdogo tu, pengine sawa na weye sasa, akanikalisha kwenye benchi akanieleza taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu. Kila baada ya saa nne. Akiumwa katikati, piga simu. Akaandika jina la mamaako kwenye chupa kwa mkono wake. Akasema, “Baba, hii haimuui. Hii inampumzisha.” Nikaitika. Nikaondoka nayo mfukoni, naishika na mkono juu, naogopa isivunjike.

Nikapita barazani pale dukani kununua sukari ya mamaako. Makame alikuwepo.

Makame unamjua. Alifanya kazi kwenye meli miaka miwili na toka arudi hakuna asilolijua. Akisoma tangazo anasoma mstari wa kwanza, uliobaki anautunga. Akaniona nashika mfuko, akataka kujua kuna nini. Nikamwonyesha. Akaigeuza chupa.

“Mofini. Weye unajua hii ni kitu gani?”

Nikamwambia dawa ya maumivu. Akacheka. Akasema dawa ya maumivu ni panadoli, hii ni kakaake unga wa kulevya. Akatoa simu yake ile ya kioo kilichopasuka, akabonyeza, akasoma kwa sauti watu wote wasikie. Mofini, jina limetokana na Morfeusi, mungu wa ndoto wa Wayunani wa kale. Akaizungusha simu, kila mtu akaangalia, hata wasiojua kusoma wakaangalia. Wanaocheza bao wakasimamisha kete. Kisha Makame akanisogelea, akasema kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniua:

“Bwana, nkeo yuko ukingoni. Hapo ndipo mtu anatakiwa amtaje Mola wake. Weye unakwenda kumtia mdomoni jina la sanamu, alale, apitiwe, aondoke hana shahada?”

Nikanunua sukari nikaenda zangu.

Nilipofika nyumbani mamaako alikuwa kitandani kajikunja, magoti yamefika kidevuni. Akaniuliza, “Baba Zuwena, wamekupa nini?” Nikasema panadoli. Akasema, “Basi?” Nikasema basi. Akasema alhamdulillahi, akameza mbili.

Asubuhi nilikwenda nayo kazini. Kule shimoni tunakokata mawe, unapopinda kuelekea upande wa bahari, kuna tundu kwenye jiwe ninaloficha mtaimbo wangu. Nikaitia humo. Siku kumi na tisa nimekata matofali nimekaa hatua tatu kutoka kwenye dawa ya mke wangu.

Uliniuliza mara nyingi kwa nini chumba chetu nimepaka chokaa ukuta mmoja tu, nikakwambia chokaa iliniishia. Haikuniishia. Ule ndio ukuta wa upande wa kitanda. Alikuwa anaukwaruza. Udongo ulitoka mpaka mawe yakaonekana, na mie kazi yangu mawe, najua nguvu ya kuutoa udongo ule kwa kucha. Na ile kanga yake ya maua mekundu uliyoifungasha, yenye matundu pembeni, ukasema panya kala. Si panya. Ni meno ya mamaako. Alikuwa anaitia mdomoni ili majirani wasisikie.

Na mie nilikuwa nimekaa hapo, namsomea, najiona mcha Mungu.

Siku ya tisa simu yake ililia. Alikuwa yule binti wa spitali. Nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji ya moto. Nikamsikia muuguzi anauliza kwa sauti nyembamba, mama, ile dawa ya maji inakusaidia? Mamaako akaniangalia. Akasema kwenye simu, “Ahsante mwanangu, inasaidia.” Akaiweka simu kifuani.

Akaniambia neno moja. “Kumbe.”

Hakuitaja tena. Nilingoja anitukane. Mamaako alikuwa na mdomo, weye unaujua, siku moja alimkimbiza mpimaji wa karafuu kwa maneno tu. Mie hakunipa hata hayo. Alinifichia aibu yangu mbele ya mtu wa spitali kisha akageukia ukutani.

Siku ile ile ningeweza kwenda shimoni. Ni nusu saa kwa miguu. Ningerudi nayo kabla maji ya ndoo hayajapoa. Sikwenda. Kwa sababu kuileta ile chupa ni kukiri kuwa nilimdanganya, na mie nikaona afadhali aumwe yeye kuliko niumbuke mie. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimeandika sentensi hiyo nikaikata mara mbili, nikaiandika tena. Nakuachia uione.

Toka siku ya tano alikuwa hawezi kusali. Mamaako, ambaye alisali na weye uko tumboni, aliyesali siku ya kukuzaa baina ya uchungu na uchungu. Alikuwa anaanza Fatiha haimalizi. Anarudi mwanzo. Anaanza tena. Kisha akaacha hata kuanza, akawa analia kwa kuacha sala kuliko kwa maumivu.

Na shahada hakuitamka. Nimewaambia watu wote kaitamka, tena nikasema kaitamka vizuri, mara mbili. Uongo. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limekwishaingia chumbani. Nilikaa kichwani kwake nikamtamkia na yeye hakuweza kufuata, maumivu yamemjaa mdomo. Alichosema ni mama. Alisema mama, mama, mama, kisha basi. Nilimwacha macho siku kumi na tisa ili apate kusema neno lile, na maumivu niliyomwachia ndiyo yaliyomnyang'anya.

Weye ukafika laasiri, tumekwishazika. Ukaniuliza mbele ya watu kama hakukuwa na dawa. Makame alikuwa amekaa pale. Mjombaako amekaa pale. Nikasema ilikuwepo, alikataa mwenyewe. Ukanikumbatia. Ukasema, “Mama alikuwa na imani, baba.” Nikasema ndiyo.

Usidhani nilikaa kimya kwa kutojua. Baada ya arobaini nilikwenda kwa Shehe Faki, imamu wetu, nikamweleza yote. Alikuwa anakata kucha kwa kijembe. Hakuacha. Akaniuliza huu mwezi gani. Nikamwambia Machi. Akasema Machi ni jina la mungu wa vita wa Warumi, sanamu tupu, sasa kwa kuutaja mwezi huu tumeabudu sanamu? Akasema mgonjwa aliyezidiwa anaruhusiwa dawa, hilo hata mwanafunzi wa chuoni analijua. Kisha akaweka kijembe chini akaniangalia.

“Mlango wangu uko hatua arobaini kutoka barazani. Mbona hukuja kuniuliza siku ile?”

Akajibu mwenyewe. “Kwa sababu ulijua nitakwambia mpe.”

Nilitoka pale nimefura. Nilimchukia Shehe kwa wiki nzima, nikawa nasali safu ya nyuma asinione. Halafu nikamwendea Makame. Nikamwambia toa simu, nisomee ile habari mpaka mwisho. Akasita, akasoma. Yule Morfeusi si wa kuua wala wa kulewesha. Ni hadithi zao Wayunani tu, wakidai anawajia watu usingizini na sura ya mtu wanayemjua, mwendo ule ule, sauti ile ile, nguo zile zile. Na jina la dawa wala hawakulitia Wayunani. Kalitia Mjerumani mmoja mtengeza dawa, miaka mia mbili nyuma, kwa vile dawa inamlaza mtu. Basi. Ndiyo sanamu lote hilo. Jina kwenye karatasi.

Nikamuuliza Makame kwa nini siku ile hakusoma mpaka hapo. Akasema, “Mbona weye hukuniambia niendelee?”

Wallahi nilimnyanyulia mkono. Watu wakasimama. Kisha nikaushusha, kwa sababu mpumbavu yule alikuwa kasema kweli. Makame hakunifunga kamba. Makame alinipa sababu, na mie nilikuwa natafuta sababu toka nilipotoka spitali.

Hapa ndipo sijawahi kumwambia mtu, hata Shehe.

Sikuogopa sanamu, Zuwena. Mie ni mkata mawe, nimekwishapasua mawe ambayo watu wanasema yana mashetani, na jioni nikala nikalala. Nilichoogopa ni ile “inampumzisha” ya muuguzi. Nilielewa maana yake. Maana yake kazi imekwisha. Na nilijua akilala atanyamaza, na akinyamaza nitabaki mie na nyumba. Toka nimemuoa sijapata kukaa nyumba ambayo mamaako hasemi. Nilitaka awe macho anizungumzie. Hata akilia, nilitaka nimsikie. Nikalifunika hilo kwa dini ili lionekane zuri. Mtu akifanya ubaya kwa ajili ya tumbo lake watu wanamwona. Mie nilifanya wangu kwa bismillahi, na watu wakanipa mkono wa pole, wakaniambia nina subira.

Hicho ndicho kinachonichoma. Kile kitendo chenyewe, na zaidi yake zile sifa.

Nilikuwa tayari kufa nacho. Nilisema weye utakwenda zako, utasoma, utajua mwenyewe dawa ni nini, hadithi ya mamaako itakuwa hadithi tu. Mpaka jana. Jana nikasikia uongo wangu unatoka mdomoni mwako unaingia nyumba ya mtu mwingine, na unamkalia Mzee Ali kifuani. Na nikaona mbele zaidi. Nikakuona umesimama kwenye wodi na nguo nyeupe, mgonjwa anauma shuka, mumewe anasema hataki sanamu, na weye unaitika kwa heshima, unasema hata mama yangu alikataa. Unairudisha chupa kabatini. Mara ngapi? Miaka thelathini ya kazi, mara ngapi?

Basi leo asubuhi sikwenda kazini. Nimekwenda kwa Bi Maua.

Mzee Ali yuko chumba cha nyuma. Koo limevimba, hamezi chakula, anaguna. Mguno ule naujua, nilikaa nao siku kumi na tisa. Bi Maua akanikaribisha uji. Nikamwambia sikuja kunywa, chupa iko wapi. Akasema ameitia kwenye kasha.

“Zuwena kasema mamaake aliikataa,” akasema.

“Zuwena kadanganywa.”

“Na nani?”

“Na mie.”

Aliniangalia, Zuwena. Nimepigwa na mawe kazini, nimevunjika kidole, mguu umewahi kupasuka. Sijapigwa kama kwa jicho lile. Bi Maua na mamaako walichuma karafuu mti mmoja toka wasichana. Sikumweleza kwa urefu. Nilisema aliitaka na mie nikaificha. Nikangoja anifukuze. Hakunifukuza. Akatoa ufunguo kiunoni, akafungua kasha, akanitupia chupa kifuani nikaidaka, akasema, “Haya, nionyeshe basi inavyopimwa, weye mjuzi.”

Nilikuwa sijui. Nilisahau kila kitu nilichoelezwa kwenye lile benchi. Tukapiga simu namba iliyoandikwa kwenye karatasi yake, sauti ya kike ikatwambia mpaka mstari gani, tukampimia. Nilimshika kichwa Mzee Ali, Bi Maua akamtia kidogo kidogo, ikamchukua muda kumeza. Tukakaa. Mguno ukaanza kupungua, halafu mikono ikalegea, halafu akafumba macho. Nikaogopa. Nikasema ndiyo haya, nimemuua.

Akafumbua. Akaniona. Akasema kwa sauti ya kukwaruza, “Mikono yako, bwana we, kama gamba la kasa. Hebu niachie kichwa changu.”

Kisha akauliza kama adhuhuri imeshaadhiniwa. Bi Maua akasema imeadhiniwa. Akataka udongo wa kutayamamia. Ana siku sita hakusali, Zuwena, kama mamaako, na hakuna aliyemlaumu. Bi Maua akamletea. Akatayamamu amelala. Akasali kwa macho, rukuu kwa macho, sijida kwa macho, rakaa nne zote, hakuikata hata moja. Akatoa salamu, akalala usingizi.

Mie nilitoka nje nyuma ya jiko. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilipiga ule mnazi wao ngumi, vidole vimevimba, ndiyo maana maandishi haya yamepinda. Ile dawa niliyosema itamnyang'anya mamaako sala, mbele ya macho yangu imemrudishia mtu sala. Kipimo kimoja. Mamaako alikuwa nayo chupa nzima.

Bi Maua alinifuata huko nyuma. Akasema, “Mwanao kesho anapita hapa. Mie sitamficha. Ukimwambia weye kabla, ni heri yako.” Basi nakwambia.

Kwako nina hili. Huko uendako watakupa nguo nyeupe na watu watakuamini kwa nguo. Utakutana na akina mie. Tuko wengi, hatuna pembe. Tunaingia na kofia na tasbihi, tunasema kwa adabu, tunasema mgonjwa wetu hataki. Usinisikilize. Mpite mtu kama mie, nenda kitandani, inama, muulize mwenye maumivu. Muulize akiwa peke yake. Yule binti wa spitali alifanya kazi yake sawasawa isipokuwa hilo, na simlaumu, ningeweza kumdanganya mtu mzima mara mbili yake. Na mgonjwa akikwambia mwenyewe hataki, hapo sawa, mheshimu. Lakini liwe neno lake, lisiwe la mumewe.

Na hadithi ya mamaako usiitupe. Iseme ilivyo. Usinisitiri. Yeye alinisitiri mara moja kwenye simu na angalia nilichofanya na sitara hiyo.

Leo kabla ya laasiri nimekwenda shimoni nikaitoa chupa. Ilikuwa pale pale nyuma ya mtaimbo, haijafunguliwa. Dawa nimeimwaga chooni, imekwishaharibika. Chupa nimeiosha nimeifunga kwenye kitambaa, iko juu ya begi lako pamoja na barua hii. Karatasi yake imepauka lakini inasomeka. Kuna majina mawili. Siku ile barazani tulilisoma la chini, watu kumi na moja, mmoja baada ya mmoja. La juu hakuna aliyelisoma. La juu ni Raya Hamadi.

Chukua chupa hiyo. Iweke mahali utakapoiona kazini.

Leo unaomba radhi nyumba zote na mie hujaniomba. Najua unaniwekea kesho, nikishakubebea begi mpaka barabarani. Radhi zangu unazo, toka ulipozaliwa, sina cha kuongeza. Ni mie ninayeomba. Kwako, na kwa mamaako kupitia kwako, maana yeye sina tena pa kumwomba. Ndotoni hanijii. Ningekuwa yeye nami nisingekuja.

Kesho alfajiri nitasimama mlangoni. Usiseme kitu, mie na weye kusema hatujui. Ukinipa begi nitalibeba. Ukilibeba mwenyewe nitaelewa, na nitakusindikiza hivyo hivyo mpaka kwa Bi Maua, mpaka gari lije, nyuma yako, mikono mitupu.

Babaako